Daraja la Mtandao Ndani ya Kompyuta

Daraja la mtandao huunganisha vipande viwili au zaidi vya mtandao wa Ethernet vikawa mtandao mmoja. Linaweza kuwa kifaa cha kujitegemea, lakini siku hizi mara nyingi ni programu iliyomo ndani ya mfumo endeshi: Linux, FreeBSD, Windows na macOS zote zinayo. Kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, kila kadi na kebo yake, kwa kawaida haipitishi kitu kutoka kadi moja kwenda nyingine. Kinachoingia upande huu kinaishia humo humo. Daraja likishaundwa, kinachoingia kwa kadi ya kwanza hutokea kwa kadi ya pili kikiwa vile vile kilivyokuja, na mashine zilizo pande zote mbili huonana kana kwamba zimechomekwa kwenye swichi moja.

Kazi hii isichanganywe na ya ruta. Ruta husoma anwani ya IP, hukaa kati ya mitandao miwili yenye safu tofauti za anwani, na kila pakiti inayopita huivua fremu yake ya zamani, yaani bahasha ya Ethernet inayoibeba, na kuivisha mpya. Daraja haliangalii IP. Linachotazama ni anwani ya MAC, ile namba ya biti 48 ambayo kadi ya Ethernet hutoka nayo kiwandani, ikiandikwa kwa jozi sita mfano wa 00:1b:21:3a:4c:5d. Kwa hiyo pande zote za daraja hutumia safu moja ya anwani za IP, seva moja ya DHCP hugawa anwani kote, na printa iliyo upande wa pili hugunduliwa bila mtu kuandika njia yoyote. Mafundi wengi wanaoanza hulifikiria daraja kana kwamba ni ruta ndogo, na makosa mengi ya usanidi huanzia hapo.

Wazo lenyewe lilitokana na ufinyu wa Ethernet ya mwanzo. Mwaka 1973 Robert Metcalfe na David Boggs, wakiwa kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, walianza kujenga mtandao ambao kompyuta zote zilishikizwa kwenye kebo moja. Kila mashine ilisikia mazungumzo ya zote. Mbili zikisema kwa wakati mmoja, fremu ziligongana na ilibidi kila moja isubiri kidogo, kisha irudie. Kadiri kompyuta zilivyoongezeka, migongano nayo iliongezeka, na kipande kimoja cha kebo nene hakikuruhusiwa kuzidi mita 500. Katika miaka ya 1980 mhandisi Mark Kempf wa kampuni ya Digital Equipment ya Marekani, maarufu kwa kifupi cha DEC, alibuni kisanduku kilichounganisha vipande viwili bila kuipeleka migongano ya kimoja kwenye kingine. Hilo ndilo daraja. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ikaleta sokoni kifaa cha milango saba kilichofanya kazi ile ile kwa kasi zaidi, nacho kikaitwa swichi. Swichi iliyobandikwa ukutani ofisini leo ni daraja lenye milango mingi, wala si kitu cha aina nyingine.

Akili ya daraja imo katika jedwali moja. Fremu inapoingia, daraja husoma kwanza anwani ya mtumaji na kuandika: mashine hii iko upande wa mlango huu. Hufanya kama karani wa geti anayeandika kila aingiaye ametokea barabara gani, asijali anakokwenda. Baada ya kuandika ndipo husoma anwani ya mpokeaji na kuitafuta kwenye jedwali. Ikiwa mpokeaji yuko kwenye mlango ule ule fremu ilikotokea, hakuna haja ya kuipeleka popote, hutupwa. Akiwa kwenye mlango mwingine, hupelekwa huko peke yake. Asipojulikana alipo, fremu husambazwa kwenye milango yote isipokuwa ule ilioingilia. Fremu za kutangazia wote, zenye anwani ya mpokeaji iliyojaa herufi f tupu, husambazwa daima. Na hizo ndizo DHCP na ARP, itifaki ya kutafuta MAC ya mwenye anwani fulani ya IP, huzitegemea.

Jedwali halijazwi na mtu. Hujijaza lenyewe kadiri mashine zinavyozungumza, na mashine iliyonyamaza kwa sekunde 300 huondolewa, maana huenda imezimwa au imehamishwa. Muda huo wa dakika tano ndio wa kawaida katika Linux na katika swichi nyingi. Una tokeo moja linalowashangaza watu: kompyuta ikihamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine na kukaa kimya, fremu inazotumiwa zinaweza kuendelea kupelekwa mahali ilipokuwa zamani hadi itakapotoa fremu yake ya kwanza. Kwa kuwa kompyuta za leo hazijui kukaa kimya, tatizo hilo kwa kawaida hujiponya ndani ya sekunde chache.

Ili kujifunza hivyo, kadi iliyo mwanachama wa daraja lazima ipokee kila fremu ipitayo, hata isiyoandikiwa yenyewe. Kadi ya kawaida hutupa fremu za wengine kabla hazijaufikia mfumo endeshi. Mfumo endeshi hubadili tabia hiyo wenyewe mara kadi inapoingizwa kwenye daraja, na mtumiaji hana la kufanya. Ila kompyuta ikiwa yenyewe ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa, ndani ya seva kubwa zaidi, seva hiyo inaweza kukataa kuiletea fremu za wengine, na daraja litaonekana zima huku halipitishi kitu. Hapo ruhusa hutafutwa kwenye seva mama.

Kuna udhaifu mmoja mkubwa, nao ni wa kuzaliwa. Pakiti ya IP hubeba hesabu inayopunguzwa na kila ruta. Ikifika sifuri, pakiti hufa. Fremu ya Ethernet haina hesabu ya namna hiyo. Mtu akichomeka kebo mbili kati ya daraja na swichi ile ile, njia hugeuka kitanzi, na tangazo moja tu litazunguka humo bila kikomo. Kila mzunguko humwaga nakala kwenye milango mingine yote, kila tangazo jipya nalo hujiunga na mzunguko huo, na ndani ya sekunde chache mtandao mzima hujaa fremu zisizo na kazi. Taa za swichi huwaka zote kwa pamoja bila kupumzika. Fundi mzoefu huitambua hali hiyo akiwa mlangoni.

Dawa yake ilipatikana mwaka 1985, pale Radia Perlman, naye akiwa DEC, alipochapisha itifaki ya mti unaofikia matawi yote, ambayo hujulikana kwa kifupi cha STP. Madaraja hutumiana ujumbe mfupi kila baada ya sekunde 2 na kuchagua moja kati yao liwe shina. Mshindi ni mwenye namba ndogo ya kipaumbele, ambayo kwa kawaida ni 32768 kwa wote. Zikilingana, mwenye anwani ndogo ya MAC hushinda. Kisha kila daraja hutafuta njia fupi ya kufikia shina na kuifunga milango inayorudia njia. Kebo ya ziada hubaki imechomekwa, imefungwa, ikingoja siku njia kuu itakapokatika. Taasisi ya wahandisi ya IEEE iliiweka itifaki hiyo katika kiwango cha 802.1D mwaka 1990, na mwaka 2001 ikatoa toleo la haraka zaidi, RSTP.

STP ya mwanzo ni salama lakini ina uzito. Mlango mpya husikiliza kwa sekunde 15, hujifunza kwa sekunde 15 nyingine, ndipo huanza kupitisha fremu. Tena vipimo vyake vya kawaida vilipangwa kwa mtandao usiozidi madaraja saba kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ililionja hilo: mtandao wake ulikuwa umekuzwa kwa kuungaunga hadi ukazidi kipimo hicho, mzigo mkubwa wa data ulipoingia itifaki ikashindwa kuushika mti wake, na kwa takriban siku nne madaktari walirudi kuandika maagizo ya dawa na vipimo kwenye karatasi. Mkuu wa teknolojia wa hospitali hiyo aliieleza habari yote hadharani, jambo ambalo taasisi nyingi hazithubutu.

Kabla ya kusanidi, ni vema kujua daraja linahitajika kwa kazi gani. Matumizi makubwa zaidi leo ni mashine pepe: seva moja inaendesha kompyuta kadhaa za kuigizwa, na kila moja inatakiwa iwe na anwani yake kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta ya kweli. Daraja huunganisha kadi halisi ya seva na kadi pepe za mashine hizo. Matumizi mengine ni faiwoli isiyoonekana, ambapo kompyuta yenye kadi mbili huwekwa katikati ya kebo iliyopo, ikachuja yanayopita bila kubadili anwani ya mtu yeyote. Vile vile mtu anayetaka kuchunguza mawasiliano ya kifaa fulani anaweza kukipitisha kwenye daraja na kusoma fremu zake. Vifaa vya intaneti vya nyumbani navyo vimejaa madaraja: mfumo wa OpenWrt huunganisha matundu ya kebo na Wi-Fi kwa daraja liitwalo br-lan. Hata mwenye kompyuta ya Linux iliyowekwa Docker, programu ya kuendesha kontena, tayari anamiliki daraja, docker0, ajue asijue.

Katika Linux kazi huanza kwa kuzitambua kadi. Amri ya ip link huziorodhesha zote pamoja na anwani zake za MAC. Zamani ziliitwa eth0 na eth1. Mifumo mingi ya sasa hutoa majina kulingana na mahali kadi ilipochomekwa, kwa mfano enp1s0 na enp2s0, ili majina yasipishane kompyuta inapowashwa upya. Kisha daraja huundwa na kadi huingizwa, kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo:

ip link add name br0 type bridge
ip link set dev enp1s0 master br0
ip link set dev enp2s0 master br0
ip link set dev enp1s0 up
ip link set dev enp2s0 up
ip link set dev br0 up

Mstari wa kwanza unaunda daraja liitwalo br0. Jina ni la hiari, ila wengi hufuata mazoea. Miwili inayofuata inazitia kadi chini ya daraja, na mitatu ya mwisho inaviwasha vyote. Kadi iliyotiwa kwenye daraja bila kuwashwa haipitishi kitu, nalo daraja lenyewe lisipowashwa kazi yote hapo juu ni bure. Vitabu na maelekezo ya zamani hutumia amri ya brctl kutoka kifurushi cha bridge-utils. Bado inafanya kazi penye kifurushi hicho, lakini kampuni ya Red Hat ilikwisha kukiondoa kwenye Linux yake kuanzia toleo la 8, na anayejifunza leo ajifunze ip na bridge moja kwa moja.

Hadi hapa daraja limekamilika. Mashine za pande mbili zinaonana, ingawa kompyuta iliyobeba daraja haina anwani yoyote ya IP. Hilo si kosa: daraja halihitaji anwani ili lipitishe fremu, na faiwoli nyingi zisizoonekana huachwa hivyo makusudi. Anwani huhitajika pale tu kompyuta yenyewe inapotaka kuwasiliana, yaani kupokea msimamizi kutoka mbali, kupakua programu au kutoa huduma.

Hapa ndipo penye jambo la kushikwa kuliko yote. Anwani ya IP huwekwa kwenye br0, si kwenye enp1s0. Kadi ikishakuwa mwanachama, kila fremu inayoingia humo hukabidhiwa daraja kabla sehemu ya IP ya mfumo haijaiona. Fremu iliyoandikiwa kompyuta yenyewe hupandishwa juu ikihesabiwa kuwa imeingia kwa br0. Kadi inabaki tundu la kuingilia na kutokea tu. Anwani iliyokuwa juu yake huendelea kuonekana kwenye orodha, na huo ndio mtego, kwa sababu njia za kutokea bado zinaelekeza kwenye kadi huku majibu yanaingilia kwenye daraja. Kwa hiyo ya zamani hufutwa na kuhamishiwa panapostahili:

ip addr flush dev enp1s0
ip addr add 192.168.10.5/24 dev br0
ip route add default via 192.168.10.1

Penye DHCP, programu ya kuomba anwani huelekezwa kwa br0 na kuzuiwa isiombe tena kwa enp1s0. Zikiomba zote mbili, kompyuta hupata anwani mbili kwenye mtandao mmoja, na mawasiliano huwa ya kukatikakatika kwa namna inayochukua saa nyingi kuifumbua.

Anayefanya haya kutoka mbali kwa SSH atambue kwamba anakata tawi alilokalia. Mara amri ya kutia kadi kwenye daraja inapotekelezwa, mawasiliano hupotea, na amri zinazofuata hazitafika. Njia ya busara ni kuziandika zote kwenye faili moja na kuliendesha kwa mkupuo, baada ya kuagiza kompyuta ijiwashe upya yenyewe baada ya dakika tano kwa amri ya shutdown -r +5. Amri za ip hazihifadhiwi popote. Kompyuta ikiwaka upya hurudi ilivyokuwa. Mambo yakienda sawa, msimamizi huingia tena na kuifuta saa hiyo kwa shutdown -c. Yakienda mrama, anasubiri kidogo na kujaribu upya, bila kufunga safari kwenda kwenye seva.

Jambo jingine dogo lenye usumbufu ni anwani ya MAC ya daraja lenyewe. Isipotajwa, Linux huweza kuiazima kutoka kwa wanachama, ikichagua iliyo ndogo kuliko zote. Kadi mpya yenye anwani ndogo zaidi ikiongezwa, MAC ya daraja hubadilika, na seva ya DHCP iliyokuwa imeitengea kompyuta anwani maalumu haiitambui tena. Tiba ni kuandika anwani hiyo waziwazi katika usanidi wa daraja, ikae palepale siku zote.

Usanidi wa kudumu hutegemea familia ya Linux. Debian, ikiwa na kifurushi cha bridge-utils, husoma faili la /etc/network/interfaces:

auto br0
iface br0 inet static
address 192.168.10.5/24
gateway 192.168.10.1
bridge_ports enp1s0 enp2s0
bridge_stp on

Mistari ya zamani ya enp1s0 iliyoomba anwani iondolewe kwenye faili hilo, la sivyo mgongano uliotajwa hurudi kila kompyuta inapowaka. Ubuntu hutumia mafaili ya Netplan yaliyo ndani ya /etc/netplan, ambayo nafasi za mwanzo wa mstari ndizo hubeba maana. Nafasi moja ikikosewa faili zima linaweza kukataliwa, na alama ya tabo haikubaliwi kabisa. Katika Red Hat, Fedora na jamaa zao, msimamizi ni NetworkManager:

nmcli connection add type bridge con-name br0 ifname br0
nmcli connection add type ethernet con-name br0-1 ifname enp1s0 master br0
nmcli connection add type ethernet con-name br0-2 ifname enp2s0 master br0
nmcli connection up br0

Kati ya njia hizi kuna tofauti isiyoonekana kwa macho. Daraja lililoundwa kwa amri ya ip huanza likiwa limezimwa STP. Lililoundwa na NetworkManager huanza likiwa limewashwa. Ndiyo maana mtu mmoja hulalamika kwamba mtandao wake umefurika baada ya kebo kuchomekwa vibaya, na mwingine hulalamika kwamba kompyuta yake hukaa nusu dakika bila mtandao kila inapowaka. Uamuzi ni huu: daraja lenye kadi moja halisi na mashine pepe haliwezi kwa kawaida kutengeneza kitanzi, hivyo STP inaweza kuzimwa; lakini daraja lenye kadi mbili halisi zinazofikiwa na mikono ya watu lizimwe STP pale tu mwenye nalo anapokuwa na sababu nzito. Nusu dakika ya kungoja ni gharama ndogo.

FreeBSD hufanya kazi ile ile kwa maneno machache. Amri ya ifconfig bridge create hutoa bridge0, na ifconfig bridge0 addm em0 addm em1 up humalizia. Ili idumu, mistari hii huandikwa kwenye /etc/rc.conf:

cloned_interfaces="bridge0"
ifconfig_bridge0="addm em0 addm em1 up"
ifconfig_em0="up"
ifconfig_em1="up"

Kinga ya kitanzi huwashwa mlango kwa mlango kwa neno stp mbele ya jina la kadi, na FreeBSD hutumia toleo la haraka, RSTP, bila kuombwa. Linux ndani ya kiini chake ina STP ya zamani tu. Anayetaka ya haraka huongeza programu ya pembeni, mstpd.

Windows imekuwa na daraja tangu Windows XP ya mwaka 2001. Mtumiaji hufungua dirisha la miunganisho ya mtandao kwa kuandika ncpa.cpl, hushikilia kitufe cha Ctrl akichagua kadi mbili, hubofya kulia na kuchagua Bridge Connections. Ikoni mpya hutokea, na kuanzia hapo mipangilio ya IP hufanywa kwenye ikoni hiyo, si kwenye kadi zilizo chini yake: kanuni ni ile ile. Kadi inayotumika kugawia wengine intaneti kwa huduma ya Windows haiwezi kutiwa kwenye daraja hadi huduma hiyo izimwe. Katika Mac daraja huongezwa kwenye mipangilio ya mtandao, sehemu ya violesura pepe, na kompyuta zenye Thunderbolt huja na daraja lililokwisha kutengenezwa kwa ajili ya matundu hayo.

Wi-Fi ndiyo inayowavunja moyo watu wengi. Kompyuta ndogo yenye kebo na Wi-Fi huonekana kuwa daraja tayari, lakini Linux hukataa kuiingiza kadi ya Wi-Fi iliyounganishwa kama mteja, na husema tu kwamba jambo hilo haliwezekani. Sababu imo katika kiwango chenyewe. Kifaa cha kurushia Wi-Fi humtambua mteja kwa MAC moja aliyojiandikisha nayo. Fremu zinazoletwa kwa niaba ya kompyuta zilizo nyuma yake, zenye MAC nyingine, hazina mahali pa kuandikwa mwenyewe na mbebaji kwa pamoja. Upo mtindo wa anwani nne unaoondoa kikwazo hicho, ila lazima ukubaliwe na pande zote mbili. Kompyuta ikiwa ndiyo inayorusha Wi-Fi, shida hiyo haipo: programu ya hostapd huelekezwa kwenye daraja kwa mstari mmoja, bridge=br0, na simu zilizojiunga hukutana na mashine za kebo bila tabu. Asiye na njia hizo mbili aache daraja, atumie ruta.

Faiwoli nayo ina kisa chake. Kwa kawaida fremu zinazopita darajani haziguswi na sheria za iptables, chombo cha faiwoli cha Linux, kwa kuwa sheria hizo zinahusu IP. Hata hivyo Linux ina moduli iitwayo br_netfilter inayozipandisha fremu hizo zipite kwenye sheria za iptables pia. Docker huweza kuiwasha, na Docker hiyo hiyo huweza kuweka sheria ya kukataa kila pakiti ya kupitishwa isiyo yake. Matokeo yake huweza kuwa seva ambayo mashine pepe zake zilifanya kazi miezi mingi, kisha zikakatika mtandao siku Docker ilipowekwa, bila daraja kuguswa. Amri ya sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables huonyesha hali ilivyo: 1 maana yake fremu zinapita kwenye sheria, 0 hazipiti.

Kikwazo kingine kiko nje ya kompyuta. Baadhi ya swichi za maofisini na za vituo vya seva hupangwa kuruhusu MAC moja tu kwa kila tundu. Daraja likiwashwa, MAC za mashine pepe huonekana zote kwenye tundu hilo, na swichi hulifunga ikidhani imevamiwa. Hakuna amri ndani ya Linux itakayoponya hilo. Anayesimamia swichi aombwe ruhusa mapema.

Kukagua daraja si kazi ngumu. Amri ya bridge link huonyesha kila mwanachama na hali yake, na inayotakiwa ni forwarding. Amri ya bridge fdb show br br0 huonyesha jedwali lenyewe la anwani, na hapo ndipo ukweli ulipo: MAC ya mashine ya upande wa pili ikionekana chini ya mlango wake, fremu zake zinafika, na tatizo litafutwe kwenye IP au kwenye faiwoli. Isipoonekana, tatizo ni kebo, kadi au swichi. MAC moja ikirukaruka kati ya milango miwili kila amri inaporudiwa, kuna kitanzi, na kebo moja ichomolewe upesi.

Anayetaka kulivunja daraja hutumia ip link delete br0. Kadi zake huachiwa huru, lakini hazirudishiwi anwani zilizokuwa nazo. Hizo huwekwa upya kwa mkono au kwa kuwasha mfumo tena.

Kuhusu kasi, daraja la programu hutumia muda wa prosesa kwa kila fremu, ndogo kwa kubwa. Kebo ya gigabiti moja ikijazwa fremu kubwa za kawaida hupitisha karibu 81,000 kwa sekunde, mzigo ambao kompyuta ya kawaida ya leo huubeba bila taabu. Ikijazwa fremu ndogo kabisa, za baiti 64, idadi hufika karibu milioni 1.5 kwa sekunde, na hapo mashine dhaifu hulemewa. Swichi hufanya kazi hiyo kwa chipu maalumu, haitegemei mfumo endeshi kuwaka wala haihitaji masasisho ya kila mwezi. Kwa hiyo daraja ndani ya mfumo endeshi linafaa mashine pepe, uchujaji na uchunguzi wa mawasiliano. Mwenye kutafuta matundu zaidi ya kebo anunue swichi.